Kompyuta Isibahatishe Maandishi Yetu

Nahariri hadithi za watoto, na mara kwa mara naletewa mswada ambamo ng’ombe amegeuka “ngâ€™ombe”. Mbuzi yuko salama, kuku yuko salama. Walioharibika ni ng’ombe, ng’ambo na kung’aa.

Ndani ya faili hamna herufi, mna namba tu ziitwazo baiti. Herufi a hadi z zina namba zake tangu mfumo wa ASCII, uliotungwa Marekani miaka ya 1960, na karibu mifumo yote iliyofuata ilizirithi. Ndiyo maana Kiswahili hupita popote bila kukwama. Ila ritifaa iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe badala ya ile iliyonyooka, haimo katika ASCII. Mfumo wa Windows-1252 huiandika kwa baiti 1, UTF-8 kwa baiti 3. Zile 3 zikisomwa kwa kanuni za Windows-1252, zinatoka alama 3: â, € na ™.

Faili la maandishi matupu kwa kawaida halisemi limeandikwa kwa mfumo gani, basi programu hukisia. Na ng’ombe akitokea ukurasa wa 40, programu iliyochungulia mwanzo tu haina ushahidi wowote. Notepad ya Windows XP ilisifika kwa hili: uliandika “Bush hid the facts”, ukahifadhi, ukafungua tena, sentensi haipo. Baiti zake 18 zilikuwa zimesomwa mbili mbili, kana kwamba ni herufi 9 za Kichina.

UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ina mpangilio mkali wa baiti. Maandishi ya mfumo mwingine yenye alama nje ya ASCII ni nadra kuufuata kwa bahati. Kwa hiyo programu ianze na UTF-8, na ikigoma, imuulize mwenye faili. Isiamue kimya kimya! Ritifaa ya Windows-1252 ikilazimishwa kusomwa kama UTF-8 hugeuka alama ya kuuliza katika umbo jeusi, �, na faili likihifadhiwa hivyo, baiti ya awali imepotea kabisa.

Tangu 2019 Notepad ya Windows 10 huhifadhi faili jipya kwa UTF-8. Wewe mwandishi mwenye kompyuta ya zamani, tafadhali, ichague mwenyewe kwenye dirisha la kuhifadhi kabla hujanitumia mswada.