Magari ya kale ya Kijapani: bati ndilo linaloamua faida

Wafanyabiashara wenye akiba ndogo wamekuwa wakiuliza kama Datsun au Corolla ya miaka ya 1970 iliyokaa uani ni mali au ni chuma chakavu. Swali ni la msingi, kwani magari hayo sasa yananunuliwa na kuuzwa kama bidhaa nyingine yoyote, na wapo waliokwisha kuweka fedha zao humo bila kupiga hesabu.

Kinachowavutia ni bei za minada ya Marekani. Mwaka 2013 gari aina ya Toyota 2000GT liliuzwa Texas kwa dola 1,155,000. Machi 2022 jingine la aina hiyo, lililowahi kushindana katika mbio chini ya timu ya Carroll Shelby, lilifikia dola milioni 2.535. Januari 2020 Datsun 240Z ya mwaka 1971 ilinunuliwa kwa dola 310,000, wakati ilipokuwa mpya gari la namna hiyo liliuzwa kwa dola zipatazo 3,500. Ni bei za kweli, lakini ni za kileleni. Toyota 2000GT yalitengenezwa machache mno, chini ya 400. Na ile 240Z ilikuwa imetembea kilomita takriban 35,000 tu katika nusu karne, rangi na bati vikiwa vile vilivyotoka kiwandani. Mnunuzi hakulipia kazi ya fundi. Alilipia gari ambalo halijaguswa.

Mfano unaofaa zaidi kwa mwekezaji wa kawaida ni ule wa kampuni ya Nissan yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tawi lake la Marekani liliamua kuyanunua magari ya 240Z yaliyochakaa, kuyafumua na kuyajenga upya, kisha kuyauza kupitia mawakala wake kwa bei ya takriban dola 25,000 kila moja. Mpango ulikuwa magari 200. Hayakufika 50, shughuli ikafungwa, kwa sababu gharama za kulijenga gari moja zilikuwa kubwa mno. Hapa tunazungumzia mtengenezaji mwenye jina, michoro na ghala la vipuri. Kama yeye alishindwa kupata faida kwa kulipa mafundi saa kwa saa, mtu binafsi anayepeleka gari gereji na kusubiri ankara hana sababu ya kutegemea matokeo tofauti.

Ndiyo maana wanaopata chochote katika biashara hii ni wale wanaofanya sehemu kubwa ya kazi nyumbani kwa mikono yao. Saa ambazo gereji ingezidai malipo, wao hawazilipi. Lakini hata hao hupata hasara wakikosea jambo moja, nalo ni hali ya bati siku ya kununua.

KUTU INAKULA MTAJI

Magari ya Kijapani ya miaka ya 1960 na 1970 yalitengenezwa kwa bati jepesi lenye kinga ndogo dhidi ya kutu. Wajapani walitaka gari jepesi, lisilokunywa mafuta mengi na la bei nafuu, wakafanikiwa. Gharama ya uamuzi ule inalipwa na mnunuzi wa leo. Kutu huanzia mahali maji yanapotuama na uchafu unapokaa: chini ya mazulia, nyuma ya matao ya magurudumu, kwenye vizingiti vya milango, chini ya kioo cha mbele na katika shimo la tairi la akiba. Kwa 240Z tazama pia chini ya betri, ambako tindikali imemwagika kwa miaka, na vyuma vinavyopita chini ya sakafu. Kwa Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotoka kati ya mwaka 1960 na 1984, tazama kwanza ncha ya nyuma ya chasisi.

Gari lililoishi Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar lina adui wa ziada, yaani hewa ya chumvi. Gari la aina hiyo hiyo lililokaa Dodoma au Nakuru linaweza kuwa na injini mbovu kuliko la pwani na bado likawa nunuzi bora zaidi. Wauzaji wengi hawalijui hilo. Wanapanga bei kwa kuangalia kama gari linawaka, na hapo ndipo mnunuzi mwenye subira anapopata nafasi yake.

Ukaguzi hauhitaji mitambo. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa uipitishe kwenye milango na matao yote. Isiponasa, chini ya rangi kuna puti, na kwa kawaida chini ya puti kuna tundu. Inua mazulia. Gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi na usikilize: bati zima linalia, lililooza linatoa sauti butu. Funga milango yote na utazame nafasi kati ya mlango na mwili wa gari. Ikiwa pana juu na finyu chini, gari limepinda au vizingiti vimelegea. Anayeuza akikataa usiinue zulia, muage kwa heshima uende zako.

Tuchukue hesabu ya mfano. Tarakimu hizi ni za kuelezea tu, si bei za soko. Gari la kwanza linauzwa shilingi milioni 4, linatembea, lakini sakafu na vizingiti vimeoza. Kukata na kuchomelea bati jipya milioni 7, rangi milioni 3, mipira ya milango na vikorokoro milioni 1. Jumla ni milioni 15. Gari la pili linauzwa milioni 8 na injini yake imekufa, ila bati ni kavu. Kufumua injini na kuijenga upya milioni 2.5, rangi milioni 2, vikorokoro milioni 1. Jumla ni milioni 13.5. Kama soko linatoa milioni 14 kwa gari lililokamilika, aliyenunua kwa bei ya chini amepoteza milioni 1, na aliyenunua kwa bei mara mbili amebaki na nusu milioni. Tofauti inazidi pale mwenye gari la pili anapoifumua injini mwenyewe, kwani kazi hiyo inaweza kufanyika nyumbani. Kuchomelea vizingiti vya gari linalobebwa na mwili wake badala ya chasisi si kazi ya kujifunzia uani. Ukikata pande zote mbili bila kuliegemeza gari sawasawa, linajikunja na milango haitafunga tena.

INJINI SI TATIZO

Hapa habari ni njema, na inawahusu pia wauza vipuri. Injini za Kijapani za wakati ule zilidumu sokoni muda mrefu kuliko magari yenyewe. Corolla za nyuma zilitumia injini za familia ya K: 3K yenye sentimita za ujazo 1,166, 4K yenye 1,290 na 5K yenye 1,486. Toyota iliendelea kuifunga 5K katika magari ya LiteAce na katika foklifti. Kwa hiyo mwenye Corolla ya mwaka 1975 anaweza kupata gasketi, ringi za pistoni na hata injini nzima kutoka kwenye vyombo vilivyotengenezwa miaka mingi baadaye, ambavyo huingia kwa marekebisho madogo.

Datsun 1200 nayo ina bahati yake. Pikapu iliyozaliwa kutokana na gari hilo iliendelea kutengenezwa Afrika Kusini, ikijulikana kama Nissan 1400, hadi mwaka 2008. Injini yake ni ya familia ile ile ya A. Mfanyabiashara mwenye njia ya kuleta mzigo kutoka kusini anapaswa kulijua hilo kabla ya kuagiza vipuri vya bei kubwa kutoka Japani.

Kwa anayeanza, pima kompresheni ya kila silinda kabla ya kufumua chochote. Mara nyingi injini inayoitwa mbovu ina kabureta chafu, pointi zilizoungua au valvu ambazo hazijarekebishwa kwa miaka. Usafi wa kabureta na seti mpya ya pointi, kondensa na plagi hugharimu siku moja ya kazi. Krenki ikihitaji kuchongwa, peleka karakana yenye mashine, na huko lipa bila kunung'unika.

KUBADILISHA AU KUACHA

Vijana wanapenda kubadilisha: magurudumu mapana, springi zilizokatwa, injini kubwa. Soko linaruhusu baadhi na linaadhibu mengine. Kanuni inayofuatwa na wanunuzi ni kama badiliko linaweza kurudishwa. Kuondoa pointi na kuweka mfumo wa kielektroniki ndani ya distributa ile ile ni badiliko jema. Gari linawaka vizuri zaidi na pointi za zamani zinakaa kwenye boksi. Breki za diski mahali pa drami, rejeta yenye uwezo mkubwa na mikanda bora ya usalama havipunguzi bei. Katika 240Z wengi huondoa injini yake ya lita 2.4 na kuweka ile ya lita 2.8 kutoka kwa ndugu yake 280Z, na hilo pia linavumilika mradi injini ya asili imehifadhiwa na namba yake inaonekana.

Kisichosamehewa ni kukata bati: kupanua matao kwa mashine, kutoboa dashibodi kwa ajili ya redio, kukata springi na kuziacha zinacheza. Ukifanya hivyo unajifungia soko, ukabaki na wanunuzi wenye mapenzi ya aina yako tu, nao ni wachache na kwa kawaida hawana fedha. Kila kilichotoka kwenye gari, hata taa iliyopasuka au nembo iliyovunjika, kiwekwe sandukuni na kiuzwe pamoja na gari.

Matunzo hayana siri. Badili mafuta ya breki kila miaka miwili kwa sababu yananyonya unyevu na kuozesha masta silinda. Petroli isikae tangini miezi na miezi. Endesha gari angalau mara mbili kwa mwezi hadi lipate joto kamili. Gari linalofunikwa turubai la plastiki nje huoza upesi kuliko lisilofunikwa, maana unyevu hauna pa kutokea.

SOKO LINAKOELEKEA

Mahitaji ya dunia yanaendeshwa na sheria kuliko mapenzi. Marekani gari lililotimiza miaka 25 linasamehewa masharti ya usalama yanayozuia magari ya nje. Nissan Skyline GT-R ya R32, iliyotoka mwaka 1989, ilianza kuingia huko kwa njia hiyo mwaka 2014, na bei zake Japani zikapanda. Huko Japani kwenyewe gari la petroli lililozidi miaka 13 hutozwa kodi kubwa zaidi, juu ya ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili, jambo linalowafanya wenye magari wayatoe. Watengenezaji nao wameona biashara: Nissan ilianza kuuza tena vipuri vya R32 mwaka 2017, na mwaka 2021 Toyota ilitangaza kutengeneza upya vipuri vya Land Cruiser za mfululizo wa 40. Kwa mwenye Land Cruiser hiyo, tangazo lile lina thamani kuliko bei yoyote ya mnada.

Kwetu hali ni tofauti. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na Tanzania hulitoza gari chakavu ushuru wa ziada. Kwa hiyo magari ya kale yaliyopo ndani ndiyo hazina yote tuliyo nayo, na kila linalokatwa kuwa chuma linapunguza idadi. Historia nayo inasaidia bei: Datsun ilishinda mbio za Safari mwaka 1970 kwa gari la 1600SSS, kisha mwaka 1971 na 1973 kwa 240Z, mara hiyo ya mwisho usukani ukiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Tangu mwaka 2003 yapo pia mashindano ya Safari ya magari ya kale, na washiriki wake wanahitaji magari na vipuri.

Hata hivyo wanunuzi wa ndani ni wachache na mauzo ni ya polepole. Asiyeweza kusubiri mwaka mzima asiingie kwenye gari zima, aingie kwenye vipuri: mipira ya vioo, taa za nyuma, nembo, vifuniko vya magurudumu, kabureta. Vitu hivyo havihitaji nafasi, havili kodi ya maegesho, na aliyekwama na gari nusu huvilipia haraka.

Mwisho ni karatasi. Linganisha namba ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, kisha hakiki kwa Mamlaka ya Mapato kama kadi ni hai na jina ni la anayeuza. Magari ya umri huu yamepita kwenye mirathi, yamenunuliwa kwa maneno, na mengine kadi yake imebaki kwa marehemu. Kama ni hivyo, warithi wamalize mirathi mahakamani na kadi iandikwe upya kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.