Kamba Moja, Watu Watatu

Mwaka 1922, katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota nchini Marekani, Ralph Samuelson, kijana wa miaka 18, alivaa mbao mbili miguuni akavutwa na boti juu ya maji. Baadaye mchezo huo ulizaa slalomu: mchezaji husimama juu ya ubao mmoja, akayazunguka maboya sita, kulia na kushoto.

Wengi hudhani siri yake ni nguvu za mikono. Sivyo. Mikono hunyooshwa, magoti hulegezwa, na uzito wa mwili ndio ushindanao na boti. Afanikiwapo, kamba hupunguzwa. Boya liko mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Bingwa hulifikia kwa kamba ya mita 10.75, kwa kuulaza mwili na kunyoosha mkono.

Nasi twawasisitizia wazazi jambo moja. Nahodha hutazama mbele. Hamwoni aangukaye nyuma. Basi awepo mtu wa tatu botini, kazi yake kumwangalia mchezaji tu. Mtoto avae jaketi la kuokolea maisha, na injini izimwe kabla hajaikaribia boti. Kamba hiyo ni amana.