Kwa Nini Upimwe Presha Hata Ukijihisi Mzima

Mkazi anafika zahanati kutafuta dawa ya kikohozi. Kabla ya kumwona tabibu, anafungwa mkanda wa mashine mkononi, kisha anaambiwa presha yake ni 170 kwa 100. Anashangaa. Hana maumivu wala kizunguzungu, na asubuhi hiyo amelima shamba lake kama kawaida. Wengi katika hali hiyo hurudi nyumbani wakiamini mashine imekosea. Ili kuelewa jinsi mtu anavyoweza kuwa na presha bila kuihisi, ni vyema kwanza kujua mwili unavyoendesha damu.

Mgao wa damu

Moyo ni msuli wenye ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenyewe. Upande wa kulia hupeleka damu kwenye mapafu ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto huisukuma mwilini kote kupitia mishipa ya ateri, nayo hurudi moyoni kupitia mishipa ya vena. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, yaani robo ya mtungi wa lita 20. Akiwa ametulia, moyo huzungusha kiasi hicho chote kwa takriban dakika moja.

Damu hiyo haitoshi kujaza mishipa yote kwa wakati mmoja, kwa hivyo mwili huigawa kwa zamu. Ateri ndogo zina misuli kwenye kuta zake, nayo hubana au kulegea kama mfereji unavyofungwa na kufunguliwa. Mtu akila, tumbo na utumbo huongezewa damu. Akikimbia au akilima, misuli hupewa sehemu kubwa na moyo huenda mbio. Mgao wa ubongo hulindwa wakati wote.

Walinzi wanaozoea

Kwenye ateri za shingoni na ile kuu inayotoka moyoni, kuna neva zinazohisi jinsi kuta za mishipa zinavyotanuka. Mtu akisimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremka kuelekea sehemu za chini za mwili, na shinikizo hushuka. Neva hizo huujulisha ubongo, moyo huongeza kasi na mishipa hubana, yote kwa sekunde chache. Hatua hiyo ikichelewa, mtu huhisi kizunguzungu.

Figo nazo huamua ni kiasi gani cha maji na chumvi kibaki mwilini. Chumvi ikizidi, maji mengi hubaki, damu huongezeka na shinikizo hupanda.

Shinikizo likikaa juu kwa muda mrefu, neva hizo za ulinzi hulizoea. Huanza kulichukulia kuwa la kawaida na haziisukumi tena mifumo ya mwili kulishusha. Mwenyewe huenda asipate ishara yoyote, huku ateri zikikakamaa, msuli wa moyo ukinenepa, na mishipa midogo ya figo, macho na ubongo ikiharibika. Kwa baadhi ya watu, ishara ya kwanza huwa ni kiharusi.

Nambari zinavyosomwa

Nambari ya juu ni shinikizo moyo unaposukuma damu. Ya chini ni shinikizo moyo unapopumzika kati ya pigo moja na jingine. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikijirudia kwa siku tofauti, huhesabiwa kuwa ni ugonjwa. Hata nambari moja tu kati ya hizo ikifika kiwango hicho, inahitaji kufuatiliwa.

Ili kipimo kiwe sahihi, pumzika ukiwa umeketi kwa dakika 5, nyayo zikiwa sakafuni na mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Usizungumze wakati wa kupimwa. Epuka kahawa, chai na sigara kwa nusu saa kabla, na uende haja ndogo kwanza.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Mashine ya presha ni miongoni mwa vifaa ambavyo wahamasishaji wa afya ya jamii walianza kupewa Septemba 2023, kwa hivyo wakazi wanaweza kuulizia huduma hiyo wanapotembelewa nyumbani.

Usiache dawa

Kosa linalogharimu wengi ni kuacha dawa baada ya kipimo kurudi 120 kwa 80. Kipimo hicho kizuri kwa kawaida ni kazi ya dawa, na zikiachwa, shinikizo hupanda tena kimyakimya. Mabadiliko yoyote ya dawa yafanywe na mhudumu wa afya. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa kila mtu, pamoja na ile iliyo ndani ya vyakula vya dukani.

Mtu akipinda mdomo ghafla, akilegea mkono au mguu wa upande mmoja, au akishindwa kuzungumza vizuri, apelekwe hospitali mara moja, hata kama hali hiyo itapita baada ya dakika chache.