Kabla ya kununua mashine ya kuchomelea, mkulima aanze na umeme wake

MVUA za kwanza zikinyesha, jembe la kukokotwa na ng'ombe halisubiri. Fremu yake ikikatika asubuhi na fundi wa kuchomelea yuko mjini, siku nzima ya kulima huishia kwenye nauli na foleni ya gereji. Hapo ndipo mkulima huanza kufikiria kununua mashine yake ndogo.

Dukani, macho huenda kwanza kwenye bei, kisha kwenye namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Mnunuzi makini huanza na umeme alionao nyumbani.

Nyumba nyingi vijijini zina umeme wa njia moja, volti 230. Mashine za gereji zinazotaka njia tatu hazifai hapo. Hata mashine ndogo huweza kuvuta ampea 20 au zaidi inapofanya kazi kwa nguvu, wakati plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Kwa hiyo fundi umeme aivutie waya wake mnene kutoka kwenye mita, na swichi yake ya kujikata. Waya mwembamba na mrefu hupata moto na kupunguza nguvu ya mashine.

Anayetegemea jenereta apige hesabu mapema. Ile ndogo ya kVA 2 ya kuwashia taa haitoshi. Hata kwa elektrodi ya milimita 2.5, jenereta iwe ya kVA 4 hadi 5.

Transfoma au inveta?

Mashine ya transfoma ni nzito, huvuta umeme mwingi, lakini ni rahisi kutengenezeka hata kwa fundi wa mtaani. Ya inveta ni nyepesi, hubebwa kwa mkono mmoja hadi shambani, huvuta umeme kidogo na ni rahisi kwa anayejifunza. Adui zake ni vumbi, unyevu na umeme unaopanda na kushuka.

Mashine za waya na gesi zina kasi, lakini upepo wa nje hupeperusha gesi na kuharibu kazi. Kwa shamba, mashine ya elektrodi ndiyo inayofaa zaidi.

Elektrodi ya milimita 2.5 hutumia ampea 60 hadi 90 hivi; ya milimita 3.2 hutumia 90 hadi 130. Mashine yenye ampea 140 au 160 za kweli inatosha kwa geti, mkokoteni, banda la kuku na jembe.

Kibati cha nyuma

Ukweli wa mashine huandikwa kwenye kibati kilichobandikwa mwilini mwake. Kikisema ampea 160 kwa asilimia 20, maana yake ni kwamba kwa nguvu hiyo, katika kila dakika 10 mashine ichomelee dakika mbili na ipumzike nane. Ampea zikipunguzwa, muda wa kazi huongezeka. Kwa matengenezo ya hapa na pale inatosha. Mfanyabiashara anayetaka kutengeneza mageti kila siku atafute ya asilimia 60.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aende na vipande vyake viwili vya chuma na aombe mashine ijaribiwe mbele yake. Aangalie unene wa nyaya na uimara wa kibanio cha ethi, na aulize nani ataitengeneza ikiharibika.

Bajeti ibakize fedha za ngao ya uso yenye kioo namba 10 au 11, glavu za ngozi na viatu vya kufunika. Miwani ya jua haikingi macho. Pipa au tangi lililowahi kuwa na mafuta lisichomelewe nyumbani, hata likionekana tupu, kwa kuwa mvuke uliobaki hulipuka. Bomba la mabati nalo hutoa moshi unaoleta homa, hivyo kazi ifanyike penye hewa.

Zipo kazi za kumwachia fundi mzoefu: ekseli na ndoano ya tela, usukani wa trekta, na vyuma vya kusubu ambavyo hupasuka vikichomelewa kwa elektrodi za kawaida.

Mwisho, mkulima aandike safari zote za gereji za msimu uliopita, nauli, malipo ya fundi na siku zilizopotea. Zikiwa mbili tu, fundi bado ni nafuu. Zikiwa kumi, mashine itakuwa na kazi.