Vumbi la Asbesto na Haki ya Mfanyakazi
Vumbi la asbesto haliui siku linapovutwa. Hukaa mapafuni miaka 20, 30 au zaidi, na ugonjwa unapojitokeza mwajiri amekwisha ondoka. Kampuni ya Cape ya Uingereza iliacha migodi ya Afrika Kusini mwaka 1979. Wagonjwa waliifuata kwao: mwaka 2000 Baraza la Malodi likaamua kesi isikilizwe Uingereza, na mwaka 2003 watu 7,500 wakapata fidia ya pauni milioni 7.5. Ni wastani wa pauni 1,000 tu kwa mtu, lakini haki ilivuka bahari.

Nasi visiwani, fundi avunjaye paa kuukuu la asbesto na aitunze barua ya kazi na cheti cha daktari, kwani dai bila ushahidi halisimami. Maofisa wa kazi nao tunawataka wayaandike majina ya mafundi hao leo, wangali wazima.