Majira ya Joto Yenye Baridi Kali: Mng'ao wa Hewa na Kazi ya Mfasiri

Utangulizi

Katika somo la tafsiri niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu aya fupi ya kisayansi. Aya hiyo ilisema kwamba katika latitudo za kati, hewa iliyo kilometa 87 juu ya ardhi huwa na baridi kali zaidi wakati wa majira ya joto kuliko wakati wa majira ya baridi. Wanafunzi kadhaa waliigeuza sentensi hiyo. Mmoja wao alijitetea: "Mwalimu, niliona mwandishi amekosea, nikamsaidia." Darasa lilicheka, lakini mwandishi hakuwa amekosea. Makala haya yanaeleza kwa nini.

Mng'ao wa hewa ni nini?

Usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa za mji, anga haliwi jeusi kabisa. Hewa yenyewe hutoa mwanga hafifu, ambao hapa tutauita mng'ao wa hewa. Mwanga huu hutokea kila usiku na kila mahali duniani, tofauti na ile mianga mikubwa ionekanayo karibu na ncha za dunia. Mwaka 1868, mwanafizikia wa Sweden, Anders Ångström, aliutambua mstari wake wa kijani.

Chanzo chake ni jua. Mchana, miali ya jua huvunja molekuli za oksijeni kuwa atomu. Usiku atomu hizo huungana tena, na baadhi yake huunda ozoni. Haidrojeni inapogongana na ozoni, huzaliwa haidroksili iliyojaa nishati. Nishati hiyo hutoka kama mwanga, na sehemu yake kubwa ni miali ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Tabaka la mng'ao huu liko kwenye kimo cha kilometa 87 hivi.

Mng'ao kama kipimajoto

Molekuli ya haidroksili huzunguka kama pia. Hewa inayoizunguka ikiwa na joto zaidi, molekuli nyingi zaidi huzunguka kwa kasi. Kasi hizo huacha alama katika mwanga: mwanga ukichambuliwa hugawanyika katika mistari, na kwa kulinganisha ukali wa mistari hiyo wataalamu hukadiria halijoto wakiwa ardhini, bila kurusha roketi.

Mjini Wuppertal, Ujerumani, vipimo vya aina hii vilianza katika miaka ya 1980. Vimeonyesha kwamba wakati wa majira ya joto halijoto ya tabaka hilo hushuka hadi takriban nyuzi 95 za Selsiasi chini ya sifuri, na wakati wa majira ya baridi hupanda hadi takriban nyuzi 65 chini ya sifuri.

Kwa nini mambo yamegeuka?

Upepo upitao milimani na dhoruba za chini huzalisha mawimbi katika hewa. Mawimbi hayo hupanda juu, ambako hewa ni nyembamba, yakakua na mwishowe kuvunjika kama mawimbi ya bahari yafikapo mwambani. Yanapovunjika husukuma pepo za juu, na hewa huanza kusafiri polepole kutoka upande wa dunia wenye majira ya joto kwenda upande wenye majira ya baridi.

Kwenye majira ya joto, hewa hupanda. Ikipanda hupanuka, na ikipanuka hupoa. Kwenye majira ya baridi hushuka, hugandamizwa na kupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata joto tunapojaza upepo. Hewa inayoshuka huleta pia atomu za oksijeni, na kwa kawaida mng'ao wa haidroksili huongezeka.

Tatizo la istilahi

Baadhi ya wanafunzi waliandika "kiangazi" badala ya "majira ya joto". Hapa pana mtego. Kiangazi cha pwani ya Afrika Mashariki ni kipindi cha ukavu na jua kali, hasa kati ya Desemba na Machi. Majira ya joto ya Ujerumani ni Juni hadi Agosti, miezi ambayo pwani huwa na kipupwe. Msomaji akiambiwa "kiangazi" atafikiria miezi isiyo yenyewe. Aidha, huku kwetu karibu na ikweta, halijoto ya anga la juu hupanda na kushuka zaidi kwa mzunguko wa miezi sita. Ni bora kuandika "majira ya joto ya kizio cha kaskazini" na kutaja miezi.

Hitimisho

Mwanafunzi wangu alikijua Kiswahili vizuri. Alichokosa ni maelezo ya jambo lenyewe. Tangu siku hiyo, kabla ya kutafsiri matini ya kisayansi, huwataka wanafunzi waisimulie kwanza kwa mdomo, kwa Kiswahili, mmoja akieleza na wengine wakiuliza "kwa nini?". Panapokosekana jibu, hapo ndipo tunapokwenda kumwuliza mwalimu wa fizikia, kabla ya kufungua kamusi.