Dakika za Abiria: Hesabu Iliyomo Katika Mpango wa Mabasi

Halmashauri ya mji inapotaka kuueleza umma hali ya usafiri, aghalabu hutaja idadi ya mabasi: mwaka juzi yalikuwapo mia moja, sasa yapo mia mbili, basi hali imekuwa njema. Mwanafunzi aliyesimama kituoni saa kumi na mbili asubuhi hufanya hesabu nyingine. Yeye huhesabu dakika: za kusubiri, za kusafiri, na zile alizochelewa kufika darasani. Hesabu hizi mbili hazilingani. Yawezekana kabisa mabasi yakaongezeka ilhali dakika za kusubiri hazipungui. Sababu za jambo hili si siri, na hisabati inayotakiwa ili kuzifahamu haizidi ile inayofundishwa katika shule za sekondari.

Pengo kati ya basi na basi

Muda unaopita tangu basi moja liondoke kituoni mpaka lije jingine la njia ile ile na uitwe pengo. Chukulia kwamba mabasi sita hupita kituoni kila saa, na kwamba yamepangwa sawasawa, yaani kila baada ya dakika 10. Abiria mwenye bahati hulikuta basi linafika. Asiye na bahati hulikuta limeondoka sasa hivi, naye husubiri dakika 10 kamili. Kwa wastani abiria husubiri nusu ya pengo, yaani dakika 5.

Sasa chukulia kwamba mabasi ni yale yale sita, lakini yanakuja mawili mawili: basi la kwanza hufuatwa na la pili baada ya dakika 2, kisha kituo hukaa kitupu kwa dakika 18. Wastani wa pengo haukubadilika, kwani 2 na 18 ni 20, na nusu yake ni 10. Je, abiria naye angali anasubiri dakika 5? La. Katika kila dakika 20, dakika 18 ni za pengo refu. Kwa hiyo abiria tisa katika kila kumi hufika kituoni wakati wa pengo hilo, nao husubiri wastani wa dakika 9. Mmoja tu kati ya kumi hufika wakati wa pengo fupi, akasubiri wastani wa dakika 1. Hesabu yake ni hii: 0.9 mara 9, ongeza 0.1 mara 1, jumla dakika 8.2.

Hakuna basi lililopungua wala lililoharibika, lakini muda wa kusubiri umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Fundisho lake ni kwamba mpangilio wa mabasi ni sehemu ya huduma, kama vile mabasi yenyewe yalivyo.

Tena, mabasi yakiachwa bila uangalizi hayakai katika mpango. Basi lililochelewa kidogo hukuta abiria wengi zaidi kituoni. Kuwapakia huchukua muda, nalo huzidi kuchelewa. Basi la nyuma yake hukuta abiria wachache, huenda upesi, na hatimaye hulifikia la mbele. Ndiyo maana abiria aliyesubiri sana huona mabasi mawili yakija yamefuatana, la kwanza limejaa pomoni na la pili lina nafasi. Dereva hana kosa hapo. Kasoro hiyo imo katika mwenendo wa usafiri wenyewe, na huzuiliwa tu na mtu aliyepewa mamlaka ya kulizuia basi moja kidogo ili pengo lirudi mahali pake.

Foleni hula mabasi

Hesabu ya pili ni ya kutafuta idadi ya mabasi inayohitajika. Njia na iwe ya kilomita 15, na mwendo wa wastani, pamoja na kusimama vituoni, uwe kilomita 15 kwa saa. Kwenda ni dakika 60, kurudi ni dakika 60, na dakika 10 za mapumziko katika kila mwisho wa njia. Mzunguko mzima ni dakika 140. Likitakiwa basi moja kila dakika 10, hugawanywa 140 kwa 10. Mabasi 14 yanatosha.

Magari madogo yakiongezeka barabarani mpaka mwendo wa basi ukashuka kuwa kilomita 10 kwa saa, safari ya upande mmoja huwa dakika 90, na mzunguko huwa dakika 200. Huduma ile ile sasa hudai mabasi 20. Ikiwa yaliyopo ni yale yale 14, pengo hupanuka likawa zaidi ya dakika 14. Foleni imekula mabasi sita, ingawa yote bado yanaonekana barabarani.

Hesabu hii ikigeuzwa, huonyesha kwamba kulitengea basi njia yake ni sawa na kununua mabasi mapya. Mji usio na fedha za kigeni za kutosha hauna budi kulitazama jambo hili kwa makini.

Mambo yaliyoipata Dar es Salaam

Historia ya Dar es Salaam yaonyesha jinsi hesabu hizi zinavyofanya kazi katika maisha ya watu. Kampuni ya mabasi ya DMT, iliyoanzishwa wakati wa ukoloni mwaka 1949, ilitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwaka 1974 shughuli zake ziligawanywa: Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, likapewa usafiri wa mjini, na KAMATA ikapewa usafiri wa mikoani. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 356,000 katika sensa ya mwaka 1967. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu 843,090. Mahitaji yalipanda kwa kasi hiyo wakati ambapo bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, vita vya Kagera vimegharimu fedha nyingi, na fedha za kigeni za kununulia vipuri hazipatikani. Mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, ambayo wenyeji waliyabandika jina la kumbakumba, hayakuweza kuziba pengo hilo.

Magari ya watu binafsi yaliyokuwa yakibeba abiria kinyume cha sheria yaliongezeka, na mwaka 1983 serikali iliruhusu yafanye kazi kwa kibali. Jina lao, daladala, latokana na dala, yaani shilingi tano iliyokuwa ikilipwa kwa nauli. Haifai kuyadharau magari haya. Kwa miongo mingi ndiyo yaliyoubeba mji, bila ruzuku ya serikali. Lakini utaratibu wake wa malipo una matokeo ambayo kila mwanafunzi wa mjini anayajua.

Kwa nini mwanafunzi huachwa kituoni

Kwa kawaida, dereva na kondakta wa daladala hawalipwi mshahara. Humpa mwenye gari kiasi maalumu cha fedha kila siku, kiitwacho hesabu, hununua mafuta, na kinachobaki ndicho chao. Siku ikiwa mbaya hawabaki na kitu. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, ni jambo la akili kusubiri stendi mpaka viti vijae, kukimbizana na gari la mbele, na kukatisha safari penye abiria wachache. Dakika anazoziokoa dereva huwa zimehamishiwa kwa abiria wa vituo vya katikati, ambaye huyaona magari yakipita yamejaa.

Mwanafunzi hupata taabu zaidi. Serikali imeweka nauli yake chini sana ya ile ya mtu mzima, na nia yake ni njema. Chukulia kwamba nauli hiyo ni theluthi. Saa nne asubuhi, gari likiwa na viti vitupu, mwanafunzi ni faida, kwani kiti kisichokaliwa hakileti kitu. Saa kumi na mbili na nusu, watu wazima wakiwa wamejaa kituoni, kila nafasi anayopewa mwanafunzi humpotezea kondakta theluthi mbili za nauli. Kwa bahati mbaya mwanafunzi huenda shuleni saa hiyo ya pili, si ile ya kwanza. Hapo kondakta humsukuma kando au hulifunga mlango.

Watu wengi huona jambo hili kuwa ukosefu wa adabu, na dawa yao ni onyo au faini. Yapo maovu ya tabia yanayostahili faini. Lakini maadamu punguzo la nauli lililoamriwa na taifa hulipwa kutoka mfukoni mwa kondakta, onyo litafaa siku ile anapokuwapo askari. Punguzo ni uamuzi wa umma. Gharama yake nayo haina budi kubebwa na umma.

Miji mingine imelitatua jambo hili kwa kubadili namna ya kulipa. Huko Curitiba, Brazili, ambako njia za kwanza za mabasi peke yake zilianza kutumika mwaka 1974, mabasi ni mali ya makampuni binafsi, lakini mamlaka ya mji ndiyo hupanga njia na saa. Katika miaka ya 1980 makampuni hayo yalianza kulipwa kwa kilomita zilizosafiriwa badala ya idadi ya abiria. Dereva akilipwa hivyo hana sababu ya kumkataa mtoto. Hata hivyo utaratibu huu nao una upungufu wake: dereva asiyetegemea abiria aweza kupita kituo bila kusimama, na abiria wakipungua hasara huiangukia mamlaka. Kwa sababu hiyo wakaguzi na takwimu za kila siku ni sehemu ya mpango.

Dar es Salaam ilifuata nyayo za namna hiyo tarehe 10 Mei 2016, mabasi yaendayo haraka, yaani mwendokasi, yalipoanza kazi kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, umbali wa kilomita 21 hivi. Njia ya peke yake ilipunguza muda wa safari kwa kiasi kikubwa. Lakini mabasi yaliyoanza kazi yalikuwa 140 tu, na msongamano ukahamia vituoni. Aidha, karakana ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, ambako mafuriko yaliingia mara kadhaa na kuharibu mabasi. Mhandisi wa mabasi, mtaalamu wa maji na mpimaji wa ardhi hawana budi kukaa katika meza moja.

Mpango usiishie mjini

Mkoa si mji peke yake. Katikati ya miaka ya 1980, serikali na Shirika la Kazi Duniani walifanya utafiti wa usafiri wa vijijini katika Wilaya ya Makete, ambayo leo imo katika Mkoa wa Njombe. Ilionekana kwamba safari nyingi za kaya hazikufanywa kwa gari wala barabarani. Zilifanywa kwa miguu, katika vijia: kwenda kisimani, shambani, kutafuta kuni na kusaga nafaka. Sehemu kubwa ya mizigo ilibebwa na wanawake vichwani. Kwa watu hao, kutengeneza barabara kuu pekee kungeleta nafuu ndogo. Yaliyofaa ni pamoja na kutengeneza vijia na vivuko vya miguu, kutumia punda, na kusogeza mashine ya kusaga na maji karibu na nyumba.

Hapa ndipo ulipo ukweli ambao mara nyingi husahauliwa: safari iliyofupishwa ni usafiri pia. Anayechagua mahali pa kujenga shule ya kata amekwisha kuamua ni wanafunzi wangapi watatembea saa mbili kila asubuhi. Vivyo hivyo kwa zahanati na soko. Mpango wa mkoa hauanzi kwa kuuliza mabasi mangapi yanunuliwe. Huanza kwa kuuliza watu wanakwenda wapi, kufanya nini, saa ngapi, na kama kile wanachokifuata chaweza kusogezwa. Kisha huamua njia ipi yastahili basi kubwa, ipi gari dogo, na ipi gari la kijiji linalokwenda siku ya gulio tu, kwa saa inayojulikana na watu wote.

Kazi kwa madarasa ya sekondari

Hesabu hizi zinaweza kuthibitishwa bila chombo chochote isipokuwa saa na daftari. Wanafunzi wawili wakae kituoni tangu saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, kwa siku tano. Mmoja aandike dakika ambayo kila basi la njia iliyochaguliwa limefika. Mwingine aandike wanafunzi wangapi wamepanda na wangapi wameachwa. Darasani, mapengo yatafutwe wastani. Kisha kila pengo lizidishwe kwa lenyewe, majibu yajumlishwe, na jumla hiyo igawanywe kwa mara mbili ya jumla ya mapengo yote. Jibu ni wastani wa dakika za kusubiri. Kwa mfano wa mapengo ya dakika 2 na 18, 4 na 324 ni 328; 328 ikigawanywa kwa 40, hupatikana 8.2, kama ilivyoonekana mwanzoni.

Penye gari moja kwa siku, au pasipo na gari kabisa, hupimwa muda wa kutembea kutoka nyumbani mpaka shuleni, na ramani ya vijia ikachorwa.

Takwimu hizo zikikusanywa kutoka shule kumi za wilaya moja, mwalimu aweza kuzipeleka kwa afisa mipango wa halmashauri. Hapo kikao kitakachojadili usafiri kitakuwa na dakika za wanafunzi mezani, pamoja na idadi ya mabasi.